Embe la Kuanguka ni la Nani? Hotuba kwa Klabu ya Midahalo

Hotuba hii niliitoa jioni moja mbele ya klabu ya midahalo ya chuo chetu na wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Mvua iliwazuia wengi, nao wakaomba niiandike. Nimeiacha kama ilivyotoka mdomoni. Picha za ukutani nimeziondoa, na hata waliokuwepo hawakuziona, kwa kuwa projekta iligoma.

Ndugu mwenyekiti wa klabu, walimu wenzangu, na ninyi wa mwaka wa kwanza mliofika na matope hadi magotini, habari za jioni.

Ndugu mwenyekiti amenikaribisha vizuri, namshukuru. Ila kuna neno moja sikulipenda. Kasema mimi ni "mtaalamu wa maneno matamu", nanyi mkapiga makofi. Jamani, ningekuwa mtaalamu wa maneno matamu, mwenye nyumba wangu angeshanisamehe kodi siku nyingi.

Somo ninalofundisha linaitwa balagha. Naona huko nyuma kuna mtu anamwuliza jirani yake kama hilo ni jina la ugonjwa. Neno hili tumelichukua kwenye Kiarabu, na mzizi wake ni kufika. Ndugu yake mnamjua vizuri: kubalehe. Mtoto aliyebalehe amefika umri, na maneno yenye balagha ni maneno yaliyofika. Hakuna aliyesema ni matamu. Yamefika. Yamefika wapi? Kwa nani? Kwa njia gani? Na je, yalistahili kufika? Maswali hayo manne ndiyo yanayonilipa mshahara.

Sasa somo lenyewe lilizaliwa wapi? Mtu angedhani ikulu. Mwingine angesema hekaluni. Wazee wa fani yetu husimulia kwamba lilizaliwa kwenye ugomvi wa mashamba. Huko Syracuse, kisiwani Sicily, karne ya 5 kabla ya Kristo, watawala wa mabavu waliangushwa. Walikuwa wamewanyang'anya watu ardhi na kuwagawia askari wao. Basi kila mtu anarudi na swali moja: shamba langu liko wapi? Na mahakamani mtu anasimama ajisemee mwenyewe. Hapo ndipo anapotajwa bwana mmoja Corax na mwanafunzi wake Tisias, kwamba walianza kuwafundisha watu namna ya kupanga maneno mbele ya waamuzi.

Tisias, wanasema, alikataa kumlipa mwalimu wake ada. Wakafikishana mahakamani. Tisias akasema: nikishinda kesi hii sikulipi, maana nimeshinda, nikishindwa sikulipi vilevile, maana itakuwa hukunifundisha kitu. Corax naye akaigeuza: ukishinda utanilipa, kwa kuwa nitakuwa nimekufundisha vyema, ukishindwa utanilipa, kwa kuwa umeshindwa. Waamuzi wakawafukuza wote wawili. Kwa kuwa jina Corax maana yake ni kunguru, wakawasindikiza na maneno haya: kunguru mbaya, yai baya. Kwa hiyo msishangae watu wakiwacheka kwa kusoma somo hili. Lilitukanwa lingali changa.

Nimewapeleka Sicily ili niwarudishe kijijini. Mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili alikwenda kufanya utafiti kwenye baraza la ardhi la kijiji. Mnalijua? Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka liwe na wajumbe 7, na kati yao wanawake wasipungue 3. Kazi yake ni kusuluhisha. Kijiji sikitaji na watu wenyewe siwataji.

Benchi la huku kakaa kijana, ana karatasi ya mauziano yenye muhuri, ya tangu enzi za baba yake. Benchi la kule kakaa bibi mmoja, hana karatasi yoyote. Karatasi ya kijana inasema shamba linaishia "kwenye mwembe". Lakini mwembe wenyewe ni wa upande upi? Karatasi imenyamaza. Bibi akaomba ruhusa ya kuuliza.

"Mjukuu wangu, embe za ule mwembe nani anakula?"

"Mnakula nyie, bibi."

"Tangu lini?"

"Tangu mimi sijazaliwa."

"Marehemu baba yako aliwahi kutufukuza?"

Kijana akaitazama karatasi yake. Bibi akasema, "Basi, nimemaliza," akavuta khanga yake na kukaa.

Mwanafunzi wangu akarudi na daftari. Ameandika, tena kwa kalamu nyekundu: "Hoja ya bibi haikukamilika." Nikamwuliza haikukamilika vipi. Akanijibu, "Mwalimu, hakusema popote kwamba mwembe ni wake." Kweli, hakusema. Sasa niwaulize ninyi: humu ndani nani hajaelewa bibi alikuwa anasema nini? Anyooshe mkono. (Hakunyoosha mtu.)

Mmeona? Hoja imefika, na sehemu yake kubwa haikutamkwa. Aristotle aliliona hilo zaidi ya miaka 2,300 iliyopita: hoja ya hadharani huacha pengo, na msikilizaji hulijaza mwenyewe. Mimi naongeza kwamba akishalijaza mwenyewe, huwa vigumu kuikataa, kwa sababu sasa ni kama kaisema yeye.

Pengo la bibi ni lipi? Ni hili: mtu hawaachi majirani wale matunda ya mti wake miaka nenda miaka rudi bila kusema neno. Hilo ndilo linaloshika embe upande mmoja na mpaka upande wa pili. Darasani kwangu tunaliita kiungo.

Kiungo! Kiswahili kimetupa neno hili bure na hatujalitumia vya kutosha. Kiungo cha mkono hukioni, lakini kikiteguka mkono mzima hauna kazi. Iliki ni kiungo cha pilau. Sahanini huioni, ila ikikosekana hata mtoto atauliza kulikoni. Na kiungo wa mpira, yule wa katikati? Watu wanamshangilia mfungaji, wakati pasi ilitoka kwake.

Mwaka 1958 Mwingereza mmoja, Stephen Toulmin, alitoa kitabu kizima juu ya kitu hiki. Mfano wake ni maarufu: Harry kazaliwa Bermuda, basi Harry ni raia wa Uingereza. Toka Bermuda hadi uraia umepitaje? Kuna kanuni katikati ambayo hukuitaja, na hiyo ndiyo unayopaswa kuulizwa. Wanafalsafa wenzake wa Uingereza walimnunia. Waliompokea kwa mikono miwili walikuwa walimu wa mdahalo wa Marekani, watu wa kazi yetu hii. Na mwaka uleule, Chaïm Perelman na Lucie Olbrechts-Tyteca, watu wa Brussels, wakatoa kitabu chao juu ya hoja. Perelman alikuwa Myahudi aliyeishi Ubelgiji chini ya Wanazi na kushiriki upinzani. Alikuwa ameichambua haki kwa mantiki ya kimahesabu, akafika mahali mantiki ile haimpi jibu la lipi jema na lipi baya. Basi yeye na mwenzake wakaanza kukusanya namna watu wanavyojenga hoja kweli, kwa wanasiasa, kwa mawakili, kwa wahubiri, magazetini. Nawapenda wale wawili kwa sababu hiyo. Walikwenda kusikiliza kwanza.

Lakini kesi yetu haijaisha. Mjumbe mmoja wa baraza, mama wa makamo, akamgeukia bibi. Akasema, "Mama, hapa kwetu embe la kuanguka ni la mwokotaji. Hata mimi naokota kwa mwenyekiti, na shamba si langu."

Baraza kimya.

Amepiga wapi? Fikirini. Amekataa kwamba bibi alikula embe? Hapana. Amesema bibi ni mwongo? Hapana. Ushahidi hakuugusa hata kwa ncha ya kidole. Amepiga kiungo. Kikiteguka hicho, embe zote za miaka yote ile hazithibitishi kitu. Hivi ndivyo mtu mzima anavyobishana, na mama huyu darasani kwangu hakuwahi kukanyaga.

Bibi hakuinuka hata kwenye benchi. Akasema, "La kuanguka ndiyo, mwanangu. Sisi tulikuwa tunaangua."

Okota. Angua. Kitenzi kwa kitenzi. Embe lililoanguka mtu anaokota anapopita. Lakini kuja na upembo mrefu, kusimama chini ya mti mchana kweupe, kuvuta tawi na kuangua, hayo anayafanya mwenye mti au mwizi. Na mwizi gani anaangua miaka yote hiyo, mwenye mali akiwa anapalilia hatua ishirini pembeni? Walisuluhishwa, mwembe ukabaki upande wa bibi. Mwanafunzi wangu akaifuta ile sentensi yake nyekundu, na sura ya tatu ya tasnifu akaiandika upya yote. Alininunia wiki mbili.

Ndugu zangu, viungo hivi tunavitoa wapi? Vingi kwetu viko tayari dukani, vinaitwa methali. Mtu hataki kuuza mahindi yake leo. Ukimwuliza kwa nini, anasema haraka haraka haina baraka. Kamaliza. Mkewe anamjibu kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Naye kamaliza. Mwingine anataka kuufunga mdomo wa kijana, anasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kijana mwenye akili anajibu kwa adabu kwamba ukubwa ni jalala. Kuna watu hucheka kwamba methali zetu zinapingana. Sasa zisingepingana, tungebishana kwa kutumia nini?

Darasani nawapa methali mbili zinazogombana na habari moja ya kweli: mvua zimeanza, mbegu ya mkopo bado haijafika, jirani ana mbegu ya akiba lakini ni ya msimu uliopita. Uharaka au ungojaji? Mwanafunzi hapati alama kwa kuitaja methali. Anapata kwa kuonyesha ni kwa nini hii inakaa hapa na ile haikai. Mwaka jana darasa zima lilikwama kwenye hiyo mbegu, tukatoka saa moja usiku. Huo ni utafiti unaomngoja mmoja wenu, na vifaa vyake ni daftari na subira ya kukaa kwenye kahawa za wazee.

Utafiti mwingine uko kwenye Majadiliano ya Bunge, yaani kumbukumbu rasmi. Yapo kwa Kiswahili, mtu yeyote anaweza kusoma. Mbunge anasimama: "Mheshimiwa Spika, naunga mkono hoja kwa asilimia mia moja." Kisha dakika zote zilizobaki analalamika barabara mbovu, maji hakuna, zahanati haina dawa. Mnacheka. Mimi nilicheka pia, mpaka nilipojiuliza: ile asilimia mia inafanya kazi gani? Inamnunulia nini? Nadhani inamnunulia haki ya kulalamika bila kuhesabiwa adui. Lakini hiyo ni dhana tu, na dhana si tasnifu.

Nije kwenye sauti, kwa sababu najua mtaniuliza: Mwalimu, kwani utamu hauna kazi? Una kazi. Mwezi Novemba 1978, majeshi ya Idi Amin yakiwa yameingia Kagera, Mwalimu Nyerere alihutubia Dar es Salaam. Maneno haya hata ninyi mliozaliwa juzi mnayajua: "Uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo."

Angeweza kusema: tuna uwezo, sababu na nia ya kumpiga. Maneno saba, na taarifa ni ileile. Kwa nini hakusema hivyo? Sikilizeni mwisho wa kila kipande: tunao, tunayo, tunayo. Hakutafuta vina. Ngeli zimempa vina. Sarufi yenyewe, ile mnayoikimbia kila siku, ndiyo inayopiga ngoma hapo. Na ile "o" ya mwisho inaelekeza nyuma, kwa kitu ambacho msikilizaji ameshakishika. Halafu mpangilio. Ameanza na uwezo. Kwa nini? Kwa maoni yangu, kwa sababu swali lililokuwa tumboni mwa watu siku ile lilikuwa: tutamweza? Kajibu hofu kwanza. Sababu imekuja katikati, haina maelezo, kwa kuwa Kagera ilikuwa inaonekana na kila mtu. Utamu ule ulikuwa umepanda juu ya kitu. Ukiondoa Kagera, inabaki ngoma tupu.

Mwalimu huyohuyo ndiye aliyetafsiri tamthilia ya Shakespeare juu ya Julius Caesar, kwanza mwaka 1963, akairudia mwaka 1969. Humo Antony anasimama kwenye maiti ya rafiki yake Caesar na kurudia kwamba Brutus, mmoja wa waliomwua, ni mtu wa heshima, anarudia, anarudia, hadi heshima inageuka tusi. Kisha anatoa wasia, anaonyesha nguo yenye damu, watu wanakwenda kuchoma nyumba. Wanafunzi wangu wakiigiza sehemu ile huwa nawasimamisha hapo. Nawauliza wale wanaoigiza umati: huo wasia nani kati yenu ameusoma mwenyewe? Wanatazamana.

Sasa niwaambie aibu yangu. Nilisoma sekondari moja ambayo jina lake nitalihifadhi. Kila Ijumaa kulikuwa na mdahalo, kwa Kiingereza. Mada ile ile mnayoijua: daktari ni bora kuliko mwalimu. Nilikuwa mtetezi wa kwanza wa daktari. Nilikuwa nimekesha na kamusi, nimechuma maneno marefu kama mabehewa, nayo nikayamwaga. Hata mimi sikujua yote maana yake. Makofi!

Akasimama msichana wa kidato cha pili, upande wa wapinzani. Akaanza Kiingereza, kikamkwama. Akanyamaza kidogo, halafu akasema kwa Kiswahili: "Kwani huyo daktari alizaliwa anajua kudunga sindano?"

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Mwenyekiti akagonga meza: Kiingereza tu! Akaamriwa akae, na upande wake ukakatwa alama. Sisi tukashinda, mimi nikapewa kaunta buku kama zawadi. Miaka imepita, maneno yangu yote ya siku ile nimeyasahau. Lile swali sijalisahau. Ilikuwa hoja pekee iliyosemwa ukumbini siku ile, na ilijengwa vilevile kama ya bibi wa mwembe: swali moja, kiungo kimefichwa ndani, kila mtu amekiona. Nasi tuliihesabu sifuri.

Msinielewe vibaya. Kiingereza jifunzeni, na mashindano nendeni. Yale ya dunia ya vyuo vikuu, yaliyoanza Glasgow mwaka 1981, yameshafika Stellenbosch, Gaborone na Cape Town. Timu nne, watu wawili wawili, mnapewa mada na dakika 15 za kujiandaa, kila mmoja anasema dakika 7. Yanakupa kasi, na yanakulazimisha kutetea upande usioupenda, jambo lenye faida kubwa. Lakini angalieni anayeamua ni nani. Ni mwamuzi. Mpinzani wako huhitaji kumshawishi hata kidogo. Hata akitoka pale anakuona mjinga, kikombe unabeba. Kijijini je? Kijana na bibi wanarudi nyumbani kwa njia moja, na kesho wanachota maji kisima kimoja.

Huko Amsterdam, Frans van Eemeren na Rob Grootendorst walijenga fani nzima juu ya tofauti hiyo: kwamba lengo la mabishano ni kuimaliza tofauti yenyewe, kwa haki. Waliweka kanuni kumi. Zote sitazisoma, nawaona wengine mnatazama saa. Ya kwanza inasema pande zote zisizuiane kutoa msimamo wala kuutilia shaka msimamo wa mwenzake. Kwa kanuni hiyo, Ijumaa ile sekondari nani alivunja sheria? Yule msichana, au mwenyekiti, mimi na ukumbi mzima tuliomkalisha?

Kwa hiyo, ndugu mwenyekiti, nimekuja na ombi na klabu yako imeshanikubalia. Alhamisi ijayo saa 10 jioni, ukumbi huuhuu, tutafanya mdahalo kwa Kiswahili. Masharti ni mawili tu. Kabla hujamjibu mwenzako, kwanza irudie hoja yake, pamoja na kiungo ambacho hakukitamka, mpaka yeye mwenyewe aseme "ndivyo". Asiposema "ndivyo", hujapata ruhusa ya kujibu. Tulipolijaribu hili darasani mara ya kwanza, kijana mmoja alirudia mara tano na bado anaambiwa "sivyo". Mara ya sita akagundua kwamba anakubaliana na mwenzake, akakaa chini kwa hasira. Sharti la pili: mtunza muda awe na saa inayofanya kazi, si kama ya leo.

Mada ni hii: embe la kuanguka ni la mwokotaji. Watetezi mkae kulia, wapinzani kushoto. Na kama kuna atakayekuja na embe, aniambie mapema kama ameokota au ameangua.